Lebo Zilizotangulia Udongo

Ndugu, majirani na nyote mliofika, pamoja nawe Bwana Mtaalamu uliyekaa kiti cha mbele kana kwamba umefiwa, naomba utulivu nisome maisha ya baba yetu, mimi mtoto wake wa mwisho. Asubuhi baba mdogo alinivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, sehemu ya kazi iruke, leo tuna wageni." Heshima yako iko palepale, baba mdogo, lakini siiruki.

Baba, ambaye wengi mlimwita Mzee Keekee, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa pili wa seremala, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alianza darasa la kwanza Januari 1969, akamaliza la saba mwaka 1975, hesabu alizijua sana, ila mwandiko wake, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa kama kuku aliyepita kwenye tope.

Tarehe 10 Mei 1982 aliajiriwa kiwanda cha betri kuyeyusha risasi, yale madini mazito yaliyomo ndani ya betri za magari, akaifanya kazi hiyo miaka ishirini na saba bila kinyago, hadi kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Septemba 2009, wenye mali wakaondoka na mashine zao, sumu wakatuachia sisi. Alimwoa mama tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa watoto watatu, na wote tupo hapa.

Februari 2012, Bwana Mtaalamu alipewa kazi ya kupima udongo wa kiwanda kile kabla ya kujengwa shule ya awali, akamchukua baba amchimbie, kwa kuwa baba alikijua kila kipembe. Alichimba kwa keekee ndefu ya chuma, inayozungushwa kwa mikono miwili hadi ipande na udongo wa chini, na kila baada ya shimo aliiosha kwa sabuni na maji safi, ili udongo wa shimo moja usiingie katika mfuko wa jingine. Wenzake walimtania, "Mzee, unamwogesha mtoto?" naye akawajibu, "Namwogesha, asije akamsingizia jirani."

Lebo za mifuko niliziandika mimi, nikiwa darasa la saba, kwenye meza ya jikoni, siku moja kabla ya kuchimba, nikiweka namba ya shimo, tarehe na kina, sentimita mia moja na ishirini. Tarehe 21 Februari keekee iligonga zege katika shimo la saba, ikagonga tena katika manne yaliyofuata, yote yakaishia sentimita ishirini, ndani ya kifusi kisafi kilichomwagwa na malori mwezi mmoja kabla. Baba akaomba mashimo yasogezwe, au lebo ziandikwe upya. Wewe, Bwana Mtaalamu, ukamwambia, "Mzee, lebo zimeshaandikwa vizuri, udongo ni udongo, jaza twende." Akakwambia, "Bosi, udongo huu umefika juzi, hata minyoo yake bado inaulizia njia." Mkacheka, mifuko ikajazwa, na aliyeijaza, nasema mbele ya jeneza lake, ni baba.

Maabara ikapima kifusi, ikasoma lebo zangu, ikaandika kwamba upande ule ardhi ni safi hadi chini, na mwaka 2014 shule ikafunguliwa. Baba alikufuata ofisini mara nne, na mara ya nne ukawaambia watu kwamba amelewa, mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe. Nasi nyumbani hakutueleza kitu, kwa aibu.

Januari mwaka huu nilimwandikisha mwanangu shule hiyo, baba akanisihi nisimpeleke, nikadhani ni ukaidi wa uzee. Tarehe 16 Aprili, shule ikiwa imefungwa, figo zikiwa zimemsumbua tangu 2019, alinichukua hadi kwenye bembea ya shule, akasogea hatua mbili kutoka shimo la saba, akachimba hadi sentimita mia na ishirini akipumzika kila baada ya mizunguko mitatu, akajaza mfuko mmoja wa kupeleka maabara, akanieleza yote. Mwanangu nilimtoa siku hiyohiyo, lakini hospitali ilipompima, risasi ilikuwa tayari imo kwenye damu yake.

Baba alilazwa tarehe 20 Julai, akafariki Jumapili tarehe 3 Agosti saa nne asubuhi. Majibu ya ule mfuko yalifika Jumanne, na ninayo hapa: risasi ni mara kumi na moja ya kiwango kinachoruhusiwa. Wazazi wenzangu, Jumatatu watoto wasiende, twendeni sisi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani kwa turubai na viti, na wenzake wanne waliobaki kati ya wayeyushaji kumi na mmoja. Bwana Mtaalamu, asante kwa kuja, Jumatatu saa mbili uje tena, utatukuta kwenye bembea.

Baba, keekee yako nimeiosha kwa sabuni. Lala kwa amani, safari hii lebo nitaiandika mfuko ukishajaa.