Mwalimu Kristofa Anakabidhi Matarumbeta

Jumapili tarehe 27 Juni 1976, baada ya ibada ya pili, Mwalimu Kristofa Shemdoe atakabidhi ufunguo wa chumba cha matarumbeta cha Usharika wetu wa Kwemzinga. Ameushika kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi wetu tulibatizwa akipiga, tukafunga ndoa akipiga, na wazazi wetu tukawazika akipiga.

Alianza mwaka 1945 akiwa mfagiaji wa kanisa. Matarumbeta ya wamisionari aliyakuta yametupwa darini, panya wamezaa ndani ya lile kubwa la besi. Akayaosha mtoni. Yaliyotoboka akampelekea Mzee Rajabu, fundi baiskeli wa sokoni, akayaziba. Mzee Rajabu ni Mwislamu wa swala tano, lakini mpaka leo matarumbeta yakilia huweka spana chini, asikilize kama kiraka chake kinavuja.

Kisa cha Uhuru tusipokisema hapa, wazee watatudai. Desemba 1961 kikundi cha vijana aliowafundisha kiliombwa kupiga kwenye sherehe uwanja wa shule, nacho kilijua nyimbo za kanisani tu. Mwalimu akachagua wimbo wa mazishi, kwa kuwa ndio walioujua vijana vizuri kuliko zote, akaupiga mbio. Jamani, watu walicheza! Bibi Mwanahawa alicheza mpaka kanga ikabaki uwanjani. Balaa likaja baadaye, kwenye mazishi ya kweli. Wimbo ule ule ulipoanza, polepole na kwa huzuni, watoto wakaanza kukata viuno kaburini. Ndiyo sababu usharika wetu una wimbo mwingine wa mazishi.

Siku za shamba la ujamaa alikuwa akisimama kwenye tuta na kupiga, majembe yakafuata, ya Wakristo na ya Waislamu pamoja. Alikuwa halimi, wengine wakanung'unika. Lakini siku asipokuja, mstari wa mwisho ulikuwa haufikiwi.

Mwaka 1974, tukibeba mbao za kujengea shule ya kijiji, ubao ulimpiga mdomoni, meno mawili ya mbele yakaenda. Asiye na meno ya mbele hapigi tarumbeta. Na vijana wake walikuwa wameshatawanyika, wengine jeshini, wengine Tanga, wengine kwenye chai kule Bumbuli. Baraza la wazee likaona heri matarumbeta yapewe usharika mmoja wa bondeni wenye wapigaji. Maana yake Pasaka alfajiri, pale makaburini tunapowapigia kila mwaka, wapendwa wetu wangelala kimya.

Mwalimu akasema atawafundisha akina mama. Mzee Nikodemo, mzee wa kanisa, akacheka: "Mwanamke ana mtoto mgongoni, pumzi ya kupuliza chuma ataitoa wapi?"

Mwalimu akamjibu: "Mzee mwenzangu, nyumbani kwako nani anapuliza moto wa kuni mbichi za miwati kila asubuhi? Wewe?"

Wakapatana hivi: Pasaka ya mwaka huu akina mama wapige peke yao, Mwalimu abaki nyumbani kwake ng'ambo ya bonde. Wakishindwa, matarumbeta yaende.

Sisi akina mama tulijifunza mwaka mzima, midomo ikavimba hata chai ikawa hainyweki vizuri. Mwenzetu Klara alipewa besi, na mwanawe Secilia mgongoni. Mtoto yule alilala kelele zikiwepo, zikinyamaza tu analia. Mwalimu hakugomba hata siku moja. Alikuwa akisema, "Rudia, mama, ilikuwa karibu."

Alfajiri ya Pasaka ukungu ulijaa makaburini. Mzee Nikodemo alisimama mbele yetu, mikono kifuani. Sauti ya kwanza ya Klara ilitoka kama ya mbuzi. Tukaanza upya. Safari hii ikatoka, ikapanda, watu wakaimba, lakini kwa hofu tukaanza kuukimbiza wimbo, tukazidi kukimbia. Tulipofika ubeti wa pili, sauti ikavuka bonde kutoka ng'ambo, ya mtu asiye na meno:

"Polepole, wanangu! Leo si Uhuru!"

Aliyecheka wa kwanza ni Mzee Nikodemo. Alicheka mpaka akashika msalaba wa kaburi la baba yake. Nasi tukatulia, tukaumaliza wimbo wote kwa mwendo wake, na jua likatukuta tunapiga. Watu walipotawanyika, Mzee Nikodemo mwenyewe alilibeba besi mpaka chumbani, akamwambia Klara, "Mama Secilia, funga vizuri, lisije likapata panya tena."

Kwa hiyo ufunguo Jumapili hauendi bondeni. Unakwenda mkononi mwa Klara.

Mwalimu Kristofa, kwa lugha yetu ya nyumbani tunasema hongea, asante sana. Mungu akupe siku nyingi za afya, chai ya moto, na wajukuu wa kukuimbia. Pumzika barazani kwako, usikilize. Na siku ukisikia tunakimbia, tafadhali, tupigie kelele.