Mshale Uliochorwa Kinyume

Mwalimu wa fizikia wa shule yetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Wanafunzi humwita Mshale. Jina hilo analijua tangu mwaka wa kwanza na hajawahi kumwadhibu mtu kwa ajili yake, maana kwake ni sifa.

Alilipata kwa swali moja ambalo hakuchoka kulirudia: chaji tatu za umeme zimewekwa karibu karibu, tafuta nguvu inayoipata mojawapo. Kanuni yake haikubadilika. Uliza ishara kwanza, chanya au hasi, kwa kuwa chaji zinazofanana husukumana na zisizofanana huvutana. Kisha chora mshale kwa kila nguvu. Ndipo ujumlishe, ukizingatia uelekeo. Aliyejumlisha bila kuchora, au aliyechora bila kuuliza ishara, alipata sifuri, hata kama jibu lilikuwa sahihi.

Mkuu wetu wa shule aliwahi kukaa darasani humo akiwa mwanafunzi. Nguvu moja ilivuta kulia kwa tatu, nyingine ikasukuma juu kwa nne, yeye akaandika saba. Jibu ni tano, urefu wa mshazari kati ya mishale hiyo miwili. Amepanda vyeo vyote tangu siku hiyo, na bado anadai kwamba sokoni tatu na nne ni saba. Mshale humjibu kwa upole kwamba nyanya hazina uelekeo.

Vifaa vya maabara alivitengeneza mwenyewe kwa maputo, kalamu za plastiki na sweta kuukuu. Mafundi umeme wawili wanaohudumia shule walipita mikononi mwake. Ndio waliofunga ile swichi ya ofisi ya walimu inayowasha taa ya chooni. Mshale husema walipita kwake. Hasemi walifaulu.

Shida ilikuwa mrithi. Darasa la mwisho lina mtihani Oktoba, na ombi letu la mwalimu mpya, tunaambiwa, linashughulikiwa. Wakati likishughulikiwa, mkuu alipendekeza vipindi apewe mwalimu wa michezo, kwa kuwa mambo ya nguvu anayajua. Mwalimu wa michezo, mtu jasiri aliyewahi kusimama katikati ya timu mbili zikirushiana mawe, aliomba likizo ya ugonjwa.

Basi katika kikao cha walimu mkuu akamsihi Mshale abaki kwa mkataba hadi mtihani upite. Mshale alichukua chaki. Alikwenda ubaoni, akachora nukta, akasema ni yeye. Kulia, mshale mrefu: shule inamvuta abaki. Kushoto, mwingine wa urefu uleule: mkewe anamvuta arudi nyumbani apumzike. Juu, mshale mfupi: binti yao aliyeolewa mbali, anayemtaka akakae naye wajukuu wapate babu. Mfupi, alieleza, kwa sababu umbali ukizidi mara mbili nguvu hubaki robo. Mishale mirefu ikafutana, ukabaki ule mfupi. Kwa hiyo anahamia kwa binti.

Hesabu haikuwa na kasoro. Wanafunzi waliokuwa wakichungulia dirishani wakaondoka na sura za msiba.

Mchoro haukufutwa. Kesho yake mkewe, ambaye ni mshonaji, alileta makoti ya maabara aliyoishonea shule. Akasimama mbele ya ubao, akauliza mshale wa kushoto ni wa nani. Alipoelezwa, alicheka hadi akatafuta kiti.

"Namvuta nani, mimi? Huyu baba likizo iliyopita kanipangia nyuzi zangu zote kwa urefu wa mawimbi ya mwanga. Mteja anataka nyeusi, naambiwa nyeusi si rangi! Namsukuma, jamani. Mchana kaeni naye, jioni mnirudishie."

Mshale alikuwa mlangoni, chaki mkononi, amesikia yote. Kwa miaka thelathini na mitatu amewapa watu sifuri kwa kosa hilohilo: kuchora mshale kabla ya kuuliza ishara. Aliingia. Pembeni alichora mchoro mpya, mshale wa nyumbani safari hii ukielekea kulia, akajumlisha. Mirefu miwili sasa ilikwenda shuleni pamoja. Ule mfupi wa binti uliipindisha kidogo tu, kiasi cha kumtembelea wakati wa likizo. Kisha akaurudia mchoro wa kwanza na kuupa sifuri kwa chaki nyekundu. Mkuu wa shule ameagiza sifuri hiyo isiguswe hadi sherehe iishe.

Mwalimu wa michezo amepona.

Hivyo Ijumaa tunamuaga rasmi, kwa hotuba na zawadi, mtu ambaye Jumatatu ana kipindi cha kwanza na darasa la mwisho. Mwalimu, asante kwa kila mshale, na hata kwa zile sifuri. Tunakutakia mapumziko marefu na yenye furaha, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi.