Osmar Caproni na Sahihi Ambayo Hakuiweka

Padri wetu, mama yangu, wifi yangu Marlene, wanawe Talita na Caio, majirani wa mtaa huu, na ninyi wengine mliofika mmeinamisha vichwa ingawa kwa miaka sita mlikuwa mkivuka barabara ili msimsalimie huyu aliyelala hapa, familia imenipa jukumu la kusoma historia ya marehemu, mimi Ivone, dada yake, muuguzi mstaafu, na ninaomba mnivumilie kwa sababu nitaisoma nikiwa na kinyaa, na sina mpango wa kukificha.

Marehemu Osmar Vilela Caproni alizaliwa tarehe 9 Juni 1968, saa kumi na moja alfajiri, Cachoeira de Minas, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu Alcindo Caproni, mpima kahawa wa ushirika, na Dona Conceição Vilela, ambaye leo ana miaka themanini na tisa na mnamwona pale dirishani, miguu imemvimba na hajala tangu jana. Alibatizwa tarehe 21 Julai mwaka huohuo, na mimi niliyekuwa na miaka sita nilipewa mshumaa niushike, nikamdondoshea nta ya moto sikioni, akabaki na alama ambayo ukubwani aliwaonyesha wageni akisema kwamba adui yake wa kwanza alikuwa dada yake. Tulikuwa tukicheka sana kwa maneno hayo.

Alisoma shule ya msingi palepale Cachoeira kuanzia mwaka 1975 hadi 1982, halafu mwaka 1983 akaingia shule ya ufundi wa elektroniki hapa Santa Rita do Sapucaí, akawa anapanda basi saa kumi na moja na nusu kila asubuhi na mkate wa jibini mfukoni, na tarehe 12 Desemba 1986 alihitimu akiwa wa pili darasani, jambo ambalo baba alilitangaza ushirika mzima kana kwamba amekuwa wa kwanza. Walimu wake walimwandikia kwamba ni mpole, ni msahihi, na ni mbishi pale anapojua yuko sawa. Hayo ya mwisho yaliandikwa kama lawama, na ninayasoma leo kama sifa.

Kuhusu kazi, aliajiriwa tarehe 2 Februari 1987 katika kiwanda cha bodi za simu, akakaa miaka kumi na mitano, kisha tarehe 4 Machi 2002 akahamia kampuni inayotengeneza friji za chanjo, ambayo jina lake silisomi mbele ya jeneza hili, ijapokuwa mkurugenzi wake, Bwana Valdemir, amekaa safu ya pili na amekunywa kahawa yetu vikombe viwili. Shada lenye utepe wa zambarau ulioandikwa "Mwenzetu Mpendwa" nimeomba litolewe nje, na sasa liko karibu na pipa la taka, anayelihitaji atalikuta huko.

Tarehe 22 Aprili 1995 alifunga ndoa na Marlene Pádua katika kanisa kuu la mji huu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Talita aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1997, na Caio aliyezaliwa tarehe 18 Mei 2001. Alikuwa baba wa kuwapikia watoto maharage siku za Jumapili, wa kuwatengenezea vitu vilivyovunjika, na wa kuwakatalia neno moja tu, nalo ni kuandika jina lao chini ya kazi ambayo hawakuifanya.

Sasa nafika pale ambapo wengi wenu mnadhani mnapajua. Mwaka 2017 chipu ya zamani iliyokuwa ikipima joto ndani ya friji hizo iliacha kutengenezwa, ikaja mpya, ndogo kuliko ukucha, ya kuangalia joto, umeme na mwendo wa feni, na kwa kuwa Linux, programu inayoendesha friji hizo, haikuifahamu chipu hiyo, ilibidi iandikiwe kiendeshi, yaani kipande cha programu cha kuieleza Linux kile chipu inachosema. Osmar aliianza kazi hiyo tarehe 6 Machi 2017, na tarehe 11 Mei akaituma kwa barua pepe katika orodha ya watu wa Linux, ambako kila mtu duniani anaweza kusoma na kukosoa, na msimamizi wa viendeshi vya namna hiyo, mzee mmoja wa Finland aitwaye Jorma Lehtisalo, alimrudishia na makosa kumi na tisa, mengine makubwa, mengine ya nafasi tupu mwishoni mwa mstari. Osmar alirekebisha, akatuma toleo la pili, likarudishwa, la tatu, likarudishwa, na badala ya kuudhika alikuja kwangu akiwa amefurahi, akaniambia kwamba yule mzee anamnyoosha, lakini anamnyoosha kwa haki.

Wenzake wa Linux wana desturi mbili ambazo ni lazima mzifahamu. Ya kwanza, joto halihesabiwi kwa nyuzi nzima bali kwa sehemu za elfu, kwa hiyo nyuzi tano za friji ya chanjo huandikwa elfu tano, na kila programu inayosoma, hata ile ya kupiga kengele ya hatari, inatarajia hivyo. Ya pili, chini ya kila kazi mtu huandika mstari wenye jina lake kamili, si la utani, kuthibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo na kwamba anaisimamia. Mstari huo mdogo Osmar aliuheshimu kama kiapo cha ndoa.

Mwezi Agosti mwaka huohuo walikuja wanunuzi kutoka serikali ya jimbo, wakaonyeshwa friji mpya, na kwenye skrini kubwa ya ofisini, kwa sababu friji zenyewe zina taa ya kijani na nyekundu tu mlangoni, ikatokea namba elfu tano, na Bwana Valdemir akaona aibu. Wageni walipoondoka alimwambia marehemu mbele ya wafanyakazi wote, "Osmar, toa hizo sifuri. Nani atanunua friji yenye joto la elfu tano?" Marehemu alimweleza kwamba sifuri zinatolewa kwenye skrini, si ndani ya kiendeshi, akaomba siku mbili, akajibiwa kwamba hapa tunauza friji, hatuandiki vitabu, na kijana mmoja wa ofisi akazitoa ndani ya kiendeshi kwa robo saa. Kuanzia hapo nyuzi tano ziliandikwa tano, wakati kengele ilikuwa bado inasubiri elfu nane ndipo ilie kwa joto, na elfu mbili kushuka chini ndipo ilie kwa baridi, kwa hiyo kengele ya baridi ililia siku hiyohiyo, ikalia na kesho yake, na badala ya kujiuliza inalilia nini, waliikata. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na nne, nimesafisha vidonda vyenye funza, lakini hakuna kilichowahi kunitia kichefuchefu kama sentensi hiyo moja, kwamba waliikata.

Tarehe 4 Septemba 2017 marehemu alimwandikia mkurugenzi akitaka jina lake liondolewe chini ya kiendeshi hicho, hakujibiwa, na siku hiyohiyo akaiandikia orodha ya Linux, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, kwamba toleo linalouzwa na mwajiri wake si lake, hakulitilia sahihi, linahesabu vibaya, na mtu asilitumie kulinda kitu chochote chenye uhai. Barua hiyo iko wazi kwa dunia nzima hadi leo, na Talita ameichapa, nakala ziko mezani karibu na biskuti, mchukue, msome, kwa kuwa katika mji huu unaojiita bonde la elektroniki hakuna aliyejisumbua kuitafuta.

Friji mojawapo ilikuwa imekwisha kuletwa kituo chetu cha afya, kilichokuwa chini yangu. Kuanzia Jumanne tarehe 30 Januari 2018 kompresa yake, ile mashine ya kupoza, ilikuwa imechoka, joto likapanda kidogokidogo hadi nyuzi ishirini na moja, kiendeshi kikasema ishirini na moja, kengele iliyokuwa ikingoja elfu nane ikaona hakuna tatizo, na taa ya mlangoni ikabaki kijani hadi Ijumaa tarehe 2 Februari, nilipotia mkono nikakuta vichupa vina uvuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Ulikuwa msimu wa homa ya manjano, foleni ilikuwa imefika kona ya duka la mikate, na katika siku hizo nne tulikuwa tumewachanja watu mia tatu na kumi na wawili. Tuliwatafuta wote warudi, wakarudi mia tatu na kumi na mmoja. Aliyebaki, Bwana Antônio Brandão, mkata miti wa kule milimani, hakupatikana, homa hiyo ikamuua, na alizikwa tarehe 9 Machi, katika makaburi haya tutakayokwenda saa kumi.

Tume ya halmashauri ilipouliza nani aliandika kiendeshi, kampuni ilifungua faili, ikaonyesha mstari wa chini wenye jina kamili la Osmar, na tarehe 16 Machi 2018 akafukuzwa kazi. Hakuna aliyeshtakiwa, walitosheka na kuwa na mtu wa kunyooshewa kidole, na mji ukampa jina la Osmar wa Chanjo, watoto wakamwita hivyo njiani, muuza mikate akawa anamhudumia wa mwisho, na yeye akarudi nyumbani kutengeneza redio na mashine za kufulia, na kwa chipu alizojinunulia mwenyewe akaendelea na kiendeshi chake halali, toleo la saba, la nane, la tisa, wakati Linux yenyewe ikibadilika na kumlazimisha aanze upya.

Kuhusu maradhi, tarehe 11 Machi 2024 hospitali ya Pouso Alegre ilimgundua kuwa na kansa ya kongosho, iliyokuwa imekwisha kusambaa. Tarehe 29 Julai, akiwa kitandani, alituma toleo la kumi na mbili, na Alhamisi tarehe 15 Agosti, saa tatu asubuhi, Talita alimsomea jibu la mzee Jorma, maneno machache, kwamba hana la kuongeza, amelipokea, na anamshukuru kwa uvumilivu. Osmar aliomba asomewe tena, hasa mstari wa chini wenye jina lake.

Kisha akawaomba watoke, akabaki na mimi, akaniuliza, "Ivone, kile kipimajoto ulikiweka wapi?"

Nikamwambia, "Kiko kwenye droo."

Akasema, "Basi kitoe, dada."

Hayo mengine niliyoyasoma yalikuwa kinyaa changu kwa watu wengine, na yalikuwa mepesi kusoma. Tarehe 5 Septemba 2017, siku moja baada ya zile barua zake, marehemu alikuja kituoni kwangu na kipimajoto cha kawaida, cha kioo, akaniomba nikitundike ndani ya friji na nikisome kwa macho yangu asubuhi na jioni, nisiiamini taa, na mimi nilikuwa na kazi nyingi, nikamwona anajitia ujuzi, nikakitupa kwenye droo. Muuguzi anatakiwa kuandika joto mara mbili kwa siku kwenye karatasi ya friji na kutia sahihi, na mimi niliitazama taa ya kijani, nikaandika tano, tano, tano, asubuhi na jioni, kwa miezi mitano, hata zile siku nne, na kila tano ina sahihi yangu. Tume iliponiuliza kama kulikuwa na kipimajoto kingine nilisema hapana, na Osmar alikuwa amekaa kiti cha nyuma yangu, akasikia, akanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nilistaafu tarehe 30 Aprili 2021 kwa keki na cheti cha utumishi uliotukuka, na yeye alikuja, akala keki, akapiga makofi. Cheti hicho nimekichana jana asubuhi.

Marehemu alifariki dunia Jumamosi tarehe 17 Agosti 2024, saa kumi na dakika arobaini jioni, akiwa na miaka hamsini na sita, mkono wake mmoja ukiwa kwa Marlene na mwingine kwangu. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa sikustahili kuushika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Pouso Alegre waliompunguzia maumivu, majirani wawili, Dona Zoraide na mumewe, ambao hawakuacha kumsalimia hata siku moja, na kwa upande wa wafanyakazi wenzake, tunamshukuru mzee wa Finland ambaye hakuwahi kuuona uso wake, pamoja na watu wa orodha ile waliomkosoa bila kumdharau. Wafanyakazi wenzake wengine hawamo katika shukrani hizi, wala mimi simo.

Kesho Jumatatu, saa mbili asubuhi, nitakuwa mlangoni pa halmashauri na karatasi za friji, kisha nitapanda kule milimani kwa mjane wa Antônio Brandão. Kipimajoto hiki hapa, nimekitoa. Kabla sijasimama nilikisoma kwa macho yangu mwenyewe, na ndani ya chumba hiki, leo, kinasema nyuzi kumi na tisa.

Yote niliyoyasoma nimeyaandika mimi, nina haki ya kuyatoa, na ninayasimamia, Ivone Vilela Caproni. Lala kwa amani, mdogo wangu.