Daktari Chiriku na Ahadi Aliyovunjiwa

Ndugu wafiwa, majirani, madaktari na nyote mliofika, familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, na kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa kusikiliza hadi mwisho kabla ya kutia neno, tunaomba nanyi mtusikilize hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba seremala na mama mshona nguo, na kwa kuwa alianza kusema mapema na hakuona sababu ya kunyamaza, shangazi yetu alimbandika jina la Chiriku, nalo likamfuata shuleni, chuoni na hata hospitalini, ambako wauguzi walimwita Daktari Chiriku huku wakicheka, maana wao walimjua kama daktari anayeweza kukaa na mtoto saa nzima bila kufungua kinywa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari ya bweni hadi 1977, na mwaka 1979 akaingia chuo cha udaktari, ambako alikutana na mwanafunzi mwenzake aliyekuja kuwa sehemu ya nyumba yetu, wakigawana dawati, taa ya kusomea na koti moja jeupe, kiasi kwamba wenzao waliwaita mapacha, na sisi pia tukamwita Pacha, na mama yetu, kila likizo, akazoea kupakua sahani moja zaidi bila kuambiwa. Walihitimu pamoja mwaka 1984, na kuanzia 1987 hadi 1990 wakabobea pamoja katika magonjwa ya akili ya watoto, wakati ambapo watu walikuwa bado wanauliza mtoto ataumwaje akili na hana hata madeni.

Tarehe 12 Aprili 1986 marehemu alifunga ndoa na mpima ardhi, shemeji yetu huyu aliyeketi hapa mbele, asemaye kwamba amepima milima na mabonde lakini ukimya wa mkewe ulimshinda, na wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1988 na mwana mwaka 1991, na wajukuu watatu.

Mwezi Januari 1991 aliajiriwa katika hospitali kuu pamoja na Pacha, akakuta kwamba mtoto akishatimiza miaka kumi na miwili hupelekwa wodi ya wagonjwa wa akili ya watu wazima, alale kitanda kinachopakana na cha mtu mwenye umri wa baba yake anayepiga kelele hadi alfajiri, na jambo hilo likamkosesha raha, hivyo kuanzia 1996 wao wawili wakaanza kupanda ngazi za wakubwa, wakidai sera ya kila hospitali ya wilaya kuwa na kliniki na vitanda vya watoto, na kila mahali wakapewa chai, wakasifiwa, wakaambiwa warudi mwakani. Katika safari hizo waliahidiana jambo moja, kwamba hakuna mgonjwa wao atakayepelekwa mbele ya wakubwa kuonyeshwa kama ushahidi, hata akikubali mwenyewe, kwa sababu, marehemu alisema, mtoto humkubalia daktari wake kila kitu.

Tarehe 9 Juni 2004, marehemu akiwa safarini kumzika mama mkwe wake, kamati ya bunge iliwaita ghafla, na Pacha akaenda, akamchukua binti wa miaka kumi na mitano aliyekuwa akitibiwa na marehemu, akamwambia yeye na mama yake kwamba daktari wao amekubali. Marehemu aliyaona hayo kwenye televisheni ya sebuleni msibani, wenyeji wakipiga makofi na kumpongeza, naye akimwangalia binti yule akieleza ugonjwa wake mbele ya kamera huku akigeuka kutazama mlango kila mara, kama anayemngoja mtu aliyeahidi kuja. Wabunge walitoa machozi, na kabla ya mwaka kwisha sera ikapita.

Pacha alijitetea kwamba angemwomba angekataliwa, na akikataliwa, watoto wote wangeendelea kulala kule walikolala, na marehemu alimjibu neno moja tu, kwamba huyo naye alikuwa mtoto. Hatusemi kwamba Pacha alikosea hesabu, kwani wapo watoto wengi ambao leo ni wazima kwa sababu ya siku ile, ila wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii tuliivaa wenyewe, tukaifua, tukaianika uani kwetu.

Shuleni binti yule alichekwa kwa jina la wodi mpaka akaacha masomo, na marehemu alipokwenda kwao, hakufunguliwa mlango, alisikia tu sauti ya binti ikimwambia mama yake, "Mwambie daktari maneno yangu yameisha, niliyamaliza kule alikonipeleka." Angeweza kusema pale mlangoni kwamba si yeye, lakini daktari mwingine wa magonjwa ya akili ya watoto aliyebaki alikuwa Pacha peke yake, na kama binti angeujua ukweli angewakimbia wote wawili na dawa pamoja, basi dada yetu akaondoka na lawama isiyo yake, binti akatibiwa na Pacha, akapona. Marehemu hakuwahi kukanyaga sherehe hata moja ya sera ile, ingawa aliongoza kliniki iliyozaliwa nayo hadi alipostaafu mwaka 2018.

Mwezi Februari 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na tarehe 17 Mei 2023, saa tano asubuhi, alifariki dunia akiwa na mume wake na wanawe. Kesho yake Pacha alifika nyumbani, akaomba haya yote yasomwe, na kaka yetu mkubwa akamjibu kwamba ujasiri huu umekuja kama mwavuli baada ya mvua, lakini akampa kiti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliopika na kulaza wageni, wafanyakazi wenzake wa kliniki, na tunamshukuru Pacha pia, kwa dawa alizompa binti yule, na shukrani yetu inaishia hapo.

Ni desturi katika shughuli kama hii kuwaomba waliotajwa wasimame waonekane. Juzi shemeji yetu alikwenda kwa binti yule, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye maisha yake, akamweleza kila kitu, akamsomea maandishi haya, akamwuliza kama yanaweza kusomwa, naye akaomba apewe usiku mmoja wa kufikiri. Asubuhi alijibu kwamba yasomwe, ila sentensi moja itolewe, nayo imetolewa. Hatujui kama amekuja, na hatutauliza. Kama yupo, abaki alipoketi.

Dada yetu, pumzika kwa amani.