Bi. Verna Koskela na Buibui wa Gatini

Ijumaa, tarehe 29 Agosti, Bi. Verna Koskela anastaafu baada ya kulitunza gati la kuogelea la Ziwa Hautala kwa miaka thelathini na nne. Alianza kwa kupaka boti rangi, akawa mwokoaji, kisha msimamizi. Nusu ya mji huu imejifunza kuogelea kwake. Sauna ya wafanyakazi, chumba cha mvuke, huiwasha mwenyewe, na mkate wake wa iliki haujawahi kubaki hadi saa nne asubuhi.

Mimi nimefanya naye kazi kiangazi kimoja tu, kwa hiyo naandika nilichokiona.

Mwezi Julai buibui mkubwa kama kiganja alionekana kwenye nguzo ya gati, amebeba kifuko cha mayai. Mzazi mmoja alisema ni wa sumu kali. Meneja wetu, Bwana Rautio, akafunga gati na kumwita Duane Ahola aje apulize dawa. Dawa hiyo isingebakiza kiumbe chini ya mbao zile.

Duane alipofika na dumu la dawa, Bi. Verna, mwenye miaka sitini na sita, alikuwa amelala kifudifudi gatini na lenzi yake ya kukuzia.

"Duane, weka dumu chini," alisema bila kugeuka. "Nilikufundisha kuogelea hapa hapa, ukilia kama paka."

"Shangazi, mimi nimetumwa tu."

"Basi tazama kwanza. Buibui mbwamwitu hubeba mayai nyuma. Huyu ameyashika mdomoni, na hali chakula mpaka ayatue. Ni buibui mvuvi huyu. Hana haja nawe, hunuki samaki."

"Mke wangu anasema nanuka."

Buibui akateremka nguzo, akazama na mayai yake. Hewa ilimganda mwilini, akang'aa kama fedha. Dakika kumi na tisa zilipita. Nilidhani amekufa. Watu wazima walipiga magoti kutazama, hata Bwana Rautio. Kisha akapanda juu, mkavu kabisa.

Duane alirudisha dumu garini. Gati likafunguliwa siku ile ile, na wiki mbili baadaye mamia ya watoto wa buibui walijaa kwenye utando kati ya matete.

Asante, Bi. Verna. Shule nimemaliza, lakini kutazama nimejifunza kwako. Tunakuombea afya, mapumziko mema na asubuhi nyingi za maji tulivu.