Tausi wa Bei ya Kuku

Kijiwe cha Mzee Zege ni benchi la saruji alilolijenga kwa mkono wake mwenyewe chini ya varanda ya nyumba yake, ndiyo maana limepinda kidogo na hakuna anayethubutu kulisema. Mwisho wa benchi, kwenye kona inayotazama njia panda, kuna meza ya Fundi Kibano, mtengeneza simu, na meza hiyo haijasogea hata shubiri kwa miaka kumi na mmoja. Asubuhi hiyo Bi Birika alikuwa ameshamimina mzunguko wa kwanza wa kahawa. Simu tatu zilikuwa zimelazwa kifudifudi juu ya benchi ili kila apitaye aone mgongoni ule mchoro wa tausi aliyetandaza mkia. Simu za Tausi bei yake haishikiki, na redio ilikuwa imetoka kutangaza kwamba kampuni yenyewe inafikiria kutoa za bei nafuu. Kijiwe kikawaka moto.

— Wasithubutu! Mzee Zege alijipiga goti. Tausi ni Tausi. Utamuuzaje kwa bei ya kuku?

— Na ukimuuza bei ya kuku, watu watamchinja, alidakia Kinyozi, ambaye chumba chake cha kunyolea kiko mlango wa pili.

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa hiyo kampuni isiiname.

Huyo ni Karani, mstaafu wa masjala. Methali kwake ni kama chumvi kwa mpishi mwenye mafua, hutia tu bila kuonja.

— Karani, hiyo methali inasema uiname, alisema Kinyozi.

— Inasema mvunguni. Tausi hakai mvunguni.

Fundi Kibano hakuinua kichwa. Alikuwa anasafisha spika ya simu ya muuza nyanya, kioo cha kukuzia kimefungwa kwenye paji la uso.

— Mimi naona waziuze tu, alisema. Simu ni ya kusikia na kusikika. Kwa nini kizuri kiwe cha watu watatu?

— Tazama nani anasema! Kinyozi alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mwenye simu ya vibonye iliyofungwa kwa mpira! Kura yako ni robo, Fundi. Hili ni jambo la wenye Tausi.

Hapo Fundi aliuma mdomo. Maana katika benchi lile zima hapakuwa na Tausi hata mmoja, na aliyelijua hilo ni yeye peke yake. Simu zile tatu zilikuwa simu za kawaida kabisa, za madukani, ambazo yeye mwenyewe alizivua ganda na kuzivisha la Tausi. Kazi hiyo huiita kuvisha koti. Mzee Zege alikuja wa kwanza, wiki ya mahafali ya bintiye. Karani alifuata alipoalikwa kwenye sherehe ya ofisi yake ya zamani. Kinyozi alikuja mwisho, akisema wateja hawamwamini mtu wa simu ndogo. Kila mmoja alinong'ona maneno yaleyale: hii iwe siri yetu wawili, maana wenzangu wale wana za kweli.

Na Fundi alinyamaza. Aliyemfundisha kazi alimwambia siku ya kwanza: ukifungua simu ya mtu umefungua chumba chake cha kulala, ulichokiona kifunge humohumo.

— Afadhali umelianzisha mwenyewe, Fundi, alisema Mzee Zege huku akitazama pembeni. Kuna mfanyabiashara amekuja kunisemesha. Anataka kona aweke kabati la kioo, auze Tausi. Leo nimpe jibu.

— Kona ipi?

— Hiyo.

Fundi akaweka kibano chini.

— Na meza yangu?

— Itafutiwe nafasi nyuma, karibu na tangi la maji. Mbele hapa, na hizo takataka unazofungua kutwa, unanishushia hadhi ya nyumba.

— Nyuma kwenye tangi nani ataniona? Karani, wewe wasemaje?

Karani alikuta kitu cha maana sana ndani ya kikombe chake.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Kinyozi?

— Kabati la kioo litaleta vichwa vyenye hela, bwana. Nami nanyoa vichwa.

Hasira ilimpanda Fundi. Watu hawa! Amewavisha, wamependeza, sasa wanamvua yeye. Sentensi moja tu ingetosha kuwaacha uchi wote watatu mbele ya Bi Birika. Aliionja ulimini, ilikuwa tamu, kisha akaimeza.

— Sihami, alisema.

— Umesemaje?

— Nimesema sihami, Mzee. Mpe jibu utakalo. Hilo kabati litanikuta hapa, na likitaka linipande kichwani.

Watu wakiona aibu hukimbilia maneno, na Kinyozi ndiye aliyetangulia.

— Mnajua zikitoka hizo za bei nafuu itakuwaje? Mtandao utagawanywa. Tausi watu wazima watapita njia ya lami, vifaranga watapita ya vumbi. Mtu akifiwa, habari itamfikia kaburi limeshaota nyasi.

— Hujasema kitu, alisema Karani. Mimi nimesikia Tausi akilazwa karibu na simu duni hutetemeka kwa karaha.

— Ndiyo maana wangu hutetemeka nikimpitisha karibu na meza ya Fundi! alidakia Kinyozi.

— Si kwamba unapigiwa? aliuliza Bi Birika.

— Bi Birika, mimina kahawa.

— Wangu anaijua sauti yangu, alisema Mzee Zege. Nikikohoa, anawaka. Na chaji? Namchaji Ijumaa, tunaonana Ijumaa.

— Mara moja kwa wiki ni nyingi, Mzee, alisema Kinyozi. Wangu nikimwacha juani anajishibisha mwenyewe.

— Mimi sikumbuki kama nimewahi kumchaji, alisema Karani, kwa uso wa mtu aliyeapishwa. Ndiyo maana wahenga wakasema, vyote ving'aavyo si dhahabu.

Methali ile ilitua vibaya. Mikono mitatu ilikwenda kwenye simu tatu, kila mmoja akaifunika yake kama anayeikinga na vumbi.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia kwa pamoja, wakishukuru kuokolewa.

Alikuwa muuguzi, mpangaji mpya wa chumba cha juu, aliyehamia jana tu. Bado alikuwa na sare yake nyeupe ya hospitali, na macho yalikuwa mekundu kwa kazi.

— Mzee wangu, samahani. Mama yuko njiani anakuja kwangu, nyumba haijui, na simu imenizimikia.

Akaitoa. Ilikuwa ya Tausi, imepasuka pembeni, mkia umechubuka.

— Alinipa dada yangu alipopata mpya. Nimeona hapa mnazo. Naombeni chaja, dakika kumi tu.

Sasa, chaja ya Tausi ni ya Tausi peke yake. Haiingii simu nyingine, wala ya simu nyingine haimwingii yeye, na hilo analijua kila aliyewahi kuwa na Tausi.

Mzee Zege alimtazama Karani. Karani alimtazama Kinyozi. Kinyozi alitazama paa.

— Yangu iko kabatini, Mzee Zege alijikohoza, wala simu haikuwaka. Ufunguo anao mke wangu.

— Mkeo si yule pale anaanika nguo? aliuliza Bi Birika.

— Ana... ana ufunguo mwingine.

— Mimi yangu sijaitoa kwenye boksi, alisema Karani.

— Mimi natumia jua, alisema Kinyozi, lakini kwa sauti ndogo.

Muuguzi hakucheka. Alikuwa amechoka, na swali lake lilitoka bila hila yoyote. Alizipitia kwa macho simu zile juu ya benchi, ya kwanza mpaka ya tatu.

— Sasa baba zangu, hizi zenu mnazichajia nini?

Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme, kwa kuwa mwenzake ndiye mwenye Tausi wa kweli. Mwenzake hakusema. Taratibu, kila mmoja akaanza kumtazama tausi wa jirani yake kwa jicho jipya. Bi Birika aliinua birika, akalitikisa, akaligeuza juu chini.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Vichwa vitatu vikageuka kwenye kona.

Fundi Kibano alivuta droo yake, akatoa chaja ya Tausi, akaipangusa kwa kitambaa.

— Lete, mwanangu.

Simu ikawaka, na kwenye kioo tausi akaukunjua mkia wake, unyoya mmoja mmoja. Wale watatu walikodoa macho. Hawakuwahi kuliona hilo. Haukupita muda ikaita.

— Mama! Uko wapi? Ee, njoo mpaka njia panda. Utaona meza ya fundi simu kwenye kona. Hapohapo, huwezi kupotea.

Mzee Zege alimsogelea Fundi, akashusha sauti.

— Umemwambia mtu?

— Sijamwambia mtu, wala sitamwambia. Nilichokifungua nimekifunga. Lakini meza haisogei.

— Nani kasema isogee?

— Wewe, Mzee. Leo, watu wakisikia. Basi na jibu lake litoke hivyohivyo, watu wakisikia.

Mzee Zege aliligeukia benchi. Ni mtu aliyezoea kumwaga zege na kusubiri likauke, hakuzoea kuambiwa alivunje. Mwishowe akachukua simu yake juu ya benchi na kubonyeza. Ikaita vizuri, kama simu yoyote.

— Haloo. Ile kona ina mtu... Hapana. Hata kwa mwezi mmoja, hapana... Fundi, ndiyo. Yuko hapo, na ataendelea kuwapo.

Alipokata, Fundi Kibano alikuwa ameshakishusha kioo chake na kuinamia spika ya muuza nyanya.

— Umesikika safi, Mzee, alisema bila kuinua kichwa. Simu nzuri hiyo. Waziuze tu.