Bwana Wendell Kangas na Gari Lake la Kijani

Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024, Bwana Wendell Kangas anastaafu baada ya kuitumikia Wilaya ya Shule za Sturgeon Bend kwa miaka thelathini na minane. Aliajiriwa Septemba 1986 kama dereva wa basi la shule, akaendesha Basi Namba Saba hadi majira ya baridi ya 2011, kisha akahamia kwenye meza ya redio, ya kuwaongoza madereva wakiwa barabarani, ambako yuko mpaka leo. Mimi, Colette Beaudry, fundi mkuu wa gereji, nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu yeye mwenyewe alisema akiandika mtu mwingine atamsifu kupita kiasi.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa akiendesha lori la maziwa, na waliomfahamu wakati huo wanasema alihama kwa sababu maziwa hayajibu ukiyasemesha. Watoto walimjibu. Alijua siku ya kuzaliwa ya kila mmoja wao, na asubuhi ya siku hiyo aliitangaza kwa kipaza sauti cha basi, hata kwa wale wakubwa wa darasa la kumi na mbili walioona aibu. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na boksi la glavu za sufu zilizofumwa na mkewe, Bi Bernadine, kwa ajili ya waliosahau zao nyumbani. Boksi hilo halikurudi likiwa limejaa hata siku moja, na Bi Bernadine hakuuliza.

Februari 2011, kwenye mteremko wa Kijito cha Sungura, Basi Namba Saba liliteleza. Kulikuwa na barafu chini ya theluji mpya. Basi likaenda kiubavu polepole, likavunja ukingo wa theluji, likasimama limeinama juu ya maji, likiwa limejaa watoto. Wendell aliwatoa wote kwa mlango wa nyuma, akawapanga kando ya barabara, akawahesabu, akawahesabu tena, kisha akawaimbisha mpaka msaada ulipofika. Aliyeumia ni mtoto mmoja tu, aliyejing'ata mdomo. Uchunguzi ulisema dereva hana kosa lolote. Wazazi walimletea vyakula vingi hadi friji ya gereji haikufungika.

Kesho yake alikuja ofisini akaomba meza ya redio. Alisema ni mgongo. Tukamwamini, maana mgongo wa dereva yeyote wa basi una sababu ya kuuma.

Pale redioni alikuwa hazina. Saa kumi alfajiri alikuwa tayari amewapigia simu watu wa kuondoa theluji, na madereva walipoketi kwenye usukani alikuwa na habari ya kila kona. Kirsten Aho, anayeendesha Basi Namba Saba leo, alikuwa mmoja wa watoto wa siku ile ya kijitoni. Anasema sauti ya Wendell redioni ndiyo iliyomfanya athubutu kuomba kazi hii. "Kirsten, pale kanisani usiguse breki," humwambia. "Ondoa mguu tu, liache lipungue lenyewe. Hakuna anayekufukuza."

Sasa niseme habari za gari, ambazo najua ndizo mnazozisubiri. Nilimwomba ruhusa. Akafikiri kwa muda wa kikombe kizima cha kahawa, kisha akasema, "Andika yote. Ukiandika nusu watadhani nusu nyingine ni mbaya zaidi."

Mwaka mmoja baada ya ajali alinunua gari la Kimarekani aina ya Rambler, la mwaka 1961, lililokuwa limeoza kwenye banda la viazi huko Pelkie. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Wendell hakuwa fundi, na sisi mafundi hatukuacha kumkumbusha. Lakini alijifunza. Kwa miaka kumi alikuja na vipande vya gari hilo kwenye chumba cha chakula, akavisugua wakati sisi tunakula. Aliwahi kukausha rangi ya vifuniko vya magurudumu kwenye oveni ya mkewe, na kwa mwezi mzima pasti za Bi Bernadine, za nyama na viazi, zilinukia vanishi. Tulizila hivyo hivyo. Bi Bernadine alishona vitambaa vya viti mwenyewe. Gari likatoka kijani hafifu na paa jeupe, zuri hata mtu anaogopa kuliegemea.

Ila halikuwaka.

Tukiuliza, alijibu bado kidogo. Kuna waya anaotafuta. Kuna kipuri kinakuja kwa posta. Gus Vranesh, fundi mwenzangu, alijitolea kila wiki kwenda kuliangalia, na kila wiki Wendell alikuwa na sababu. Mwishowe Gus akawa anamwambia mbele ya watu, "Mzee, hilo si gari, hilo ni kabati. Tia sahani ndani." Wendell alicheka pamoja nasi, na miaka miwili ikapita hivyo.

Januari mwaka huu Bi Bernadine alikatazwa na daktari kuendesha gari. Katikati ya macho yake mlikuwa mmeingia ukungu, na alitakiwa kwenda hospitali ya Marquette kila mwezi kuchomwa sindano. Hapo ndipo tulipotambua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu tangu ile ajali. Asubuhi zote zile Wendell aliletwa kazini na mkewe. Tulidhani ni kwa sababu Bi Bernadine anafanya kazi maktaba, njia moja, ingawa maktaba haifunguliwi alfajiri. Alipostaafu maktaba aliendelea kumleta, na hakuna aliyeuliza.

Tukaanza kupokezana kumchukua na kumrudisha. Hakuna aliyelalamika, lakini wanakaa mbali nje ya mji, na theluji ya mwaka huu haikuwa na huruma. Binti yao aliyeko Green Bay alianza kuwatafutia nyumba ya kupanga karibu naye. Nyumba yao ilijengwa na baba yake Wendell, na sauna ya nyuma, kile chumba cha kuogea mvuke, Wendell aliijenga mwenyewe. Bi Bernadine alinipigia simu mwezi wa nne, sauti ya chini. Alisema, "Colette, njoo uliangalie lile gari. Usimwambie kama nimekuita mimi."

Mimi na Gus tukaenda Jumamosi, tukijidai tunapita tu. Wendell alitupokea kwa kahawa, halafu keki, halafu kahawa tena, halafu picha za wajukuu. Ikabidi Gus asimame na kuvaa koti ndipo na yeye asimame.

Bandani nilianza kushangaa. Betri ilikuwa imejaa chaji. Petroli ilikuwa mpya. Tairi zilikuwa na upepo sawasawa. Hilo halikuwa gari lililoshindikana. Lilikuwa linatunzwa kama farasi. Gus akapiga stata, injini ikazunguka vizuri, lakini haikushika. Nikatoa kifuniko cha distribyuta, nikakuta rota haipo. Rota ni kipande kidogo, kinatosha kwenye kiganja, kinazunguka humo ndani na kuzigawia plagi umeme. Bila hicho gari haliwaki hata ulibembeleze namna gani. Na hakianguki chenyewe. Sharti mtu akitoe.

Nikamtuma Gus aniletee taa kwenye lori langu, ingawa taa nilikuwa nayo mfukoni.

"Wendell," nikasema, "rota iko wapi?"

Alikuwa anatazama dirishani. "Kwenye kopo la kahawa. Rafu ya juu."

"Umeitoa wewe?"

"Liliwaka, Colette. Mara ya kwanza tu nilipojaribu, likawaka. Nikalisikiliza kidogo, nikalizima, nikaitoa." Akafuta boneti kwa mkono wa shati, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Likiwaka, lazima mtu aliendeshe."

Hapo akaniambia yaliyobaki. Tangu siku ya kijitoni hakuwahi kushika usukani. Alijaribu mara moja, uani kwake, akashindwa hata kutia ufunguo. Akajiambia akishakuwa na gari lake mwenyewe, alilolitengeneza kila kipande kwa mkono wake, hofu itaisha. Gari likaisha, hofu ikabaki.

Hatukumwona Bi Bernadine mlangoni mpaka alipoongea. Nilidhani atagomba, na haki alikuwa nayo.

"Mimi sijachoka kukuendesha, Wendell," akasema. "Macho ndiyo yamechoka."

Wendell alipanda kwenye stuli, akashusha lile kopo, akanipa. Nikamrudishia. Nikamwambia gari ni lake. Alichukua muda, vidole vilikuwa vizito, lakini rota ikaingia mahali pake, na kifuniko juu yake. Gus akarudi na taa, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akaenda kupiga stata.

Rambler likawaka. Lilitoa moshi mweupe, likakohoa, likatulia, na sauti yake ilikuwa tamu. Wendell akaketi kwenye usukani, akiwa kijivu usoni, akalitoa bandani kwa gia ya kwanza, akafika nusu ya ua. Hapo likazima. Tukapiga stata, likawaka, likazima. Safari hii gari lilikataa kweli. Gus akainamia dirisha na kumwuliza, "Mzee, na hiki nacho umekificha wapi?"

Wendell akacheka mpaka akalalia usukani, na Bi Bernadine akacheka hadi akakalia ngazi. Nadhani siku hiyo kitu kilimtoka kifuani.

Kumbe ni pampu ya petroli. Mpira wake wa ndani ulikuwa umekauka kwa kukaa bila kazi. Tuliagiza nyingine kutoka kwa mzee mmoja wa Wisconsin anayehifadhi vipuri vya Rambler, na pampu ikachelewa. Hapo ndipo nilipoanza kutulia moyo, maana Wendell alianza kukasirika. Alinipigia gereji kutoka mezani kwake kila siku kuuliza kama imefika. Mtu aliyekuwa akiomba gari lisiwake sasa anaigombeza posta. Jioni, wakati tunaingoja, alikuwa akiendesha lori langu kuzunguka ua wa gereji, mimi kando yake. Siku ya kwanza tulizunguka kidogo tu, kisha akatapika nyuma ya matangi ya mafuta. Siku ya pili hakutapika. Baadaye akaanza kunisema kwamba klachi yangu imekwisha.

Pampu ilifika mwezi wa tano, barabara zikiwa kavu. Tuliifunga, tukajaribu breki mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na Jumapili moja asubuhi akatoka barabarani na Bi Bernadine kando yake. Mimi nilifuata nyuma na lori. Kuja mjini kutoka kwao hakuna njia nyingine. Lazima ushuke mteremko wa Kijito cha Sungura.

Juu ya mteremko taa zake nyekundu za breki ziliwaka, na Rambler likasimama. Injini ilikuwa inanguruma. Nyuma yangu likaja gari, na lingine. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa cha mlango, nikitaka kwenda kumwambia ahamie kiti cha nyuma, nitaendesha mimi. Nikajizuia. Kichwa cha Bi Bernadine hakikugeuka. Alikuwa anatazama mbele tu, kama mtu anayesubiri taa ya barabarani ibadilike. Waliokuwa nyuma yangu hawakupiga honi. Labda walilitambua gari.

Taa nyekundu zikazimika. Rambler likashuka kwa gia ya pili, polepole, bila kuguswa breki, kwa namna ile ile aliyowafundisha madereva wetu redioni miaka yote. Likapita ukingo ule, likapita daraja, likapanda upande wa pili. Nikatia gia, nikawafuata.

Walipofika gereji, Kirsten na wenzake, waliokuwa wamepewa habari na Gus, walikuwa wamejipanga nje. Wendell akazima injini, akashuka, akawatazama wote, akasema gia ya pili inalia kidogo. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye lami, akavua kofia, na machozi yakamtoka bila sauti. Bi Bernadine akaketi karibu naye. Kirsten akawaletea kahawa.

Tangu hapo amempeleka mkewe Marquette kuchomwa sindano, kwa njia ya ziwa, ambayo ni ndefu, kwa kuwa Bi Bernadine anapenda kuona maji wakati bado anayaona. Binti yao ameacha kutafuta nyumba ya kupanga. Wendell anasema bado anaiogopa barafu, na kwamba majira ya baridi Rambler litalala bandani, yeye ataendesha gari la mkewe taratibu, na kama hali ya hewa ni mbaya atakaa nyumbani kama mtu mwingine yeyote mwenye akili. Ningewashauri madereva wote wafanye hivyo.

Wilaya hii inamshukuru kwa watoto aliowafikisha, kwa wale aliowahesabu mara mbili kando ya kijito, na kwa kila asubuhi aliyotuambia ukweli kuhusu barabara. Gus ananiomba niandike kwamba anafuta neno kabati. Wendell na Bernadine, tunawatakia afya, usingizi wa kutosha baada ya alfajiri zote zile, na barabara kavu popote mtakapokwenda.

Sherehe itafanyika saa tisa alasiri kwenye chumba cha chakula, na keki ipo. Wengi wenu mmekuja mezani kwangu kuuliza ni nani atakayemrudisha nyumbani siku hiyo. Asanteni kwa moyo huo. Anaendesha mwenyewe.